Nasaba ya Msindano

Msimu wa kuchuma mbegu ukifika kule Mufindi, utawaona vijana wenye magunia wakielekea kwenye misindano ya pembezoni mwa mashamba. Hawaingii katikati. Mti wa pembezoni ni mfupi, matawi yake mazito yanaanzia magotini, na koni zimeshonana hadi usawa wa kichwa cha mtu. Kuukwea ni kama kupanda ngazi. Wa katikati ya shamba umenyooka kama nguzo ya umeme, tawi lake la kwanza liko mita kumi na tano juu, na gome lake halina pa kushika. Kijana anayelipwa kwa kilo afanye nini? Anajaza gunia kwenye mti wa karibu. Koni zinaanikwa juani mpaka zifunguke, mbegu zinapukutishwa na kupepetwa, na jioni kuna kilo moja ya punje nyeusi ndogo, zaidi ya laki moja kwa hesabu. Ukipanda kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, hekta moja inachukua miche 1,111. Gunia la asubuhi moja linaweza kuamua sura ya mlima mzima.

Hakuna aliyeiba wala aliyedanganya. Lakini miaka kumi na tano baadaye, mashine ya dingdong ya kupasulia mbao inapofika shambani, mbao za mbili kwa nne zinatoka na vifundo vikubwa kama macho ya ng'ombe, magogo yamepinda, na nusu ya mti inabaki chini kama kuni. Mwenye shamba anaulaumu udongo. Wengine wanailaumu mvua. Ni wachache wanaokumbuka kuuliza: mbegu hii mama yake alikuwa nani?

Kuna watu ambao swali hilo ndilo kazi yao ya maisha. Kwa Kiswahili cha ofisini wanaitwa waboreshaji wa miti. Nimewahi kufuatana nao, nimewatazama wakipima, wakikwea, wakifunga, wakiandika, na sijui ufundi mwingine ninaouheshimu zaidi.

Kwanza tuuweke mti wenyewe mahali pake. Msindano unaojaza vilima vya Mufindi, wengi wakiuita paini tu, ni Pinus patula. Kwao ni Mexico, kwenye milima ya mashariki, kuanzia mita 1,500 hivi juu ya bahari hadi 3,000, mahali ukungu unapokaa asubuhi nzima. Sindano zake ndefu zinaning'inia kama nywele zilizotoka kuoshwa. Uliingia Afrika Kusini mwaka 1907, na Sao Hill, shamba la miti la huko Mufindi, majaribio ya kwanza ya upandaji yalianza mwishoni mwa miaka ya 1930. Mwenzake wa milima ya Kenya ni sipresi, nayo imetoka huko huko Mexico, ingawa jina lake la kitaalamu, lusitanica, linamaanisha ya Ureno, kwa kuwa aliyeiandika mwaka 1768 aliieleza kwa miti iliyokuwa imepandwa Ureno. Msomaji wa pwani nimwombe asiuhesabu mvinje katika ukoo huu. Majani yake yanafanana na sindano, na vitunda vyake vinafanana na koni, lakini huo ni mti wa maua kama mwembe. Wetu wa asili katika ukoo wa koni ni mtarakwa na mpodo, na hao wanastahili makala yao.

Sasa turudi kwenye mama wa mbegu.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, tunasema. Kisha tunageuka na kusema mtoto wa nyoka ni nyoka. Methali hizi mbili zimeishi nyumba moja kwa miaka mingi na hakuna aliyezisuluhisha, kwa sababu mzee anayezitumia huchagua inayofaa kikao. Mboreshaji wa miti analazimika kuzisuluhisha, tena kwa namba. Akisimama mbele ya mti mnene, mrefu, ulionyooka, hajui bado anatazama nini. Huenda ni damu. Huenda pia mti umesimama juu ya kichuguu cha zamani, au mahali palipochomwa takataka za shamba majivu yakabaki, au jirani yake alikufa mapema akamwachia mwanga. Jicho haliwezi kutenganisha. Kazi yote inayofuata, miaka kwa miaka, ni kutafuta namna ya kulikosoa jicho.

Hatua ya kwanza ni kutembea. Watu wanapanga mstari na kupita shamba lote, wakitafuta mti mmoja katika maelfu. Miti ya pembezoni hairuhusiwi hata kutajwa, maana mwanga wa barabarani umeilisha. Ukipatikana mti unaodhaniwa, haupimwi peke yake. Wanachagua majirani walio bora, watano kwa desturi ya wengi, wa umri mmoja na udongo mmoja, na mti unashindanishwa nao. Urefu, unene, unyofu. Kwa unyofu fundi anauzunguka, kwa sababu mti unaweza kupinda kuelekea kwako ukauona umesimama wima kama askari. Ukihama robo ya duara, mgongo unaonekana. Kisha matawi. Yanayotakiwa ni membamba, yaliyotoka kwenye shina kwa pembe pana, karibu kulala, kwa kuwa tawi jembamba lililolala huacha kifundo kidogo, na tawi nene lililoinuka huacha kifundo kirefu kinachokata ubao. Mwisho wanatoboa kwa kekee yenye uwazi ndani, wakavuta kijiti cha mbao chembamba kuliko penseli, chenye pete zote za miaka kuanzia gome hadi moyo. Kijiti hicho kinapelekwa kupimwa uzito wake kwa ujazo, maana mti unaweza kunenepa kwa mbao nyepesi zisizobeba kenchi.

Hata mti ukishinda yote hayo, bado ni mtuhumiwa tu. Umependeza. Haujathibitisha chochote. Lakini hapo ndipo unapopewa namba, na mtu anakwea.

Anakwea mpaka kileleni, mita ishirini na tano au zaidi, kwa sababu vichipukizi vinavyofaa viko kule juu kunakozaa koni. Anakata vichache vyenye urefu wa kiganja, vinafungwa kwenye gazeti bichi, vinawekwa kwenye boksi la barafu na kusafirishwa haraka. Kila kimoja kinaitwa kikonyo. Aliyewahi kununua miche ya maembe ya kubebesha anaijua kazi inayofuata, ila mwembe ni mpole. Msindano una utomvu.

Niliiona kazi hiyo katika banda la kitalu kimoja, asubuhi ya baridi, ikifanywa na mama wa makamo aliyekaa kwenye kigoda na kisu kidogo mkononi. Nikamsalimu, "Kamwene, mama." Akanijibu bila kuinua kichwa, "Kamwene, mwanangu. Kaa upande huu, usinikingie mwanga." Mbele yake kulikuwa na mche wa msindano, shina lake unene wa penseli. Aliukata kichwa, akalipasua shina katikati kwa kina cha kidole kimoja. Akachukua kikonyo, akapunguza sindano zake, akalichonga tako lake kwa mikato miwili mpaka likawa kabari. Mikato miwili tu. Nilipomuuliza kwa nini hasawazishi kidogo, akasema ukirudia kuna bonde, na kwenye bonde kuna hewa, na palipo na hewa hapaungi. Baada ya kila kikonyo alipangusa kisu kwa kitambaa chenye spiriti, kwa kuwa utomvu ukikaukia kwenye makali, mkato unaofuata unachana badala ya kukata.

Kisha akakipachika. Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini kazi hii hawapewi vijana wa juma la kwanza. Chini ya gome la mti kuna utando mwembamba ulio hai, laini kama ngozi ya ndani ya yai, ambao ndio peke yake unaoweza kuunga. Wa kikonyo lazima uguse wa mche, angalau upande mmoja. Vikipishana kwa unene wa karatasi, vyote viwili vitakaa pale kijani kwa siku kadhaa kama wageni waliokaa sebule moja bila kusalimiana, halafu kikonyo kinakauka. Kwa kuwa kikonyo kilikuwa chembamba kuliko shina, hakukiweka katikati pa kupendeza. Alikisogeza pembeni mpaka gome likakutana na gome. Akazungusha utepe wa plastiki kwa kuukaza, akafunika na mfuko kuhifadhi unyevu, akaandika namba ya mti mama kwenye kibati, akauchukua mche mwingine. Hakusema neno mpaka boksi likaisha.

Mti unaotokana na kubebesha una maajabu yake. Kikonyo hakijui kwamba kimeshushwa. Kimetoka kwenye kilele cha mti mzima, na kinaendelea kuwa na umri huo huo; kikiwa juu ya mche usiofika kifuani, baada ya miaka michache kinaanza kuzaa koni. Kwa hiyo mti uliokuwa juu kabisa, usiofikika, sasa unasimama mahali mtu anapoweza kuushika mkononi, na nakala zake zinaweza kuwa kumi au hamsini. Mdenmark Carl Syrach Larsen, aliyefanya kazi Hørsholm, alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba njia hii ya wakulima wa matunda ingeweza kuwa mlango wa kuingilia nasaba ya miti ya msituni. Mwaka 1956 Bruce Zobel akawaunganisha watu wa chuo kikuu cha jimbo la North Carolina na kampuni za mbao katika kazi moja ya namna hiyo kwa misindano ya kusini mwa Marekani, na ushirika huo ungali hai.

Nakala hizo hupandwa pamoja katika shamba la mbegu. Mpangilio wake unanifurahisha kila ninapouona kwenye karatasi: nakala za mti mmoja zinatawanywa ili ndugu asiwe jirani wa ndugu. Sababu ni ndoa. Msindano huchavushwa na upepo, na mti ukijioa wenyewe, au ukaoana na nakala yake, mbegu nyingi hutoka tupu, ganda bila kiini, na chache zinazoota huwa dhaifu. Miti ya koni imebeba kasoro nyingi zilizojificha, moja moja, zisizodhuru mpaka zikutane mbili. Mti wenyewe unalijua hilo kwa namna yake, ndiyo maana koni za kike huota juu kileleni na mashada ya chavua huwa chini. Vumbi la njano halipandi moja kwa moja kwa mwenyewe. Linachukuliwa kwenda kwa jirani.

Lakini upepo hauulizi nani baba. Anayetaka kujua baba lazima afunge mfuko. Kwenye ncha ya tawi, koni ya kike ikiwa bado ndogo kama harage na magamba yake yamefumba, fundi anaivika mfuko mrefu wenye kidirisha, anaukaza shingoni kwa pamba na kamba. Tangu hapo anarudi kila siku kuchungulia. Magamba yakianza kuachana, ana siku chache. Chavua ya baba aliyechaguliwa ilikusanywa mapema, ikakaushwa, ikachekechwa, ikawekwa kwenye chupa ndani ya jokofu. Sasa anaitia kwenye bomba dogo, anachoma mfuko na kupuliza: kijiwingu cha njano kinajaa ndani na kutulia. Anaziba tundu na kushuka.

Yanayotokea ndani ya koni hiyo ningetamani kila mtoto wa shule ayajue. Kwenye mlango wa kila kijibegu kichanga linajitokeza tone la majimaji. Mlango umeelekea chini. Punje ya chavua ya msindano ina vifuko viwili vya hewa, kama mtoto aliyevaa maboya, hivyo ikinaswa na tone hilo inaelea kwenda juu, na juu ndiko ndani. Tone linavutwa, punje inaingia, magamba yanafumba. Halafu msindano unangoja. Mwaka mzima hivi unapita kabla baba na mama hawajaungana kweli, na tangu siku ya kupuliza hadi koni kukomaa ni zaidi ya miezi ishirini. Katika muda huo wote mfuko umeshatolewa, kibati kinaning'inia, na nyani, moto wa kiangazi au mchumaji asiyejua kusoma kibati wanaweza kuifuta kazi hiyo kwa asubuhi moja.

Mbegu inayopatikana ni kitabu cha ukoo kilichofungwa vizuri. Chakula kilicho ndani ya ganda, kile kinachomlisha mche siku za kwanza, kimetoka kwa mama peke yake, kikiwa na seti moja tu ya jeni zake badala ya mbili. Ukikisoma unasoma alichotoa mama. Ukisoma kiini kando yake, unatoa cha mama na kinachobaki ni cha baba. Na jambo lililonishangaza kuliko yote: vile vipande vya kijani ndani ya seli, vinavyonasa mwanga wa jua, msindano huvirithi kwa baba kupitia chavua. Kwa mimea mingi ya maua ni kinyume. Ukijani wote wa Sao Hill ni urithi wa kina baba.

Kitabu chenyewe ni kirefu mno. Wanasayansi walipotangaza mwaka 2014 kwamba wameisoma jenomu ya msindano Pinus taeda, ilikuwa na herufi bilioni 22 hivi, mara saba ya za binadamu, na sehemu kubwa ya usomaji ilitegemea chakula cha mbegu moja tu kwa sababu hiyo niliyoitaja, ya seti moja. Urefu huo umetokana zaidi na vipande vinavyojirudia kuliko na wingi wa jeni. Siku hizi kuna programu zinazojaribu kutabiri mti kwa jeni zake ukiwa bado mche kitaluni. Nazitakia heri. Lakini hata hizo hufundishwa kwanza na miti iliyopimwa shambani, na huko ndiko kwenye moyo wa ufundi.

Jaribio la uzao ndilo linalosuluhisha zile methali mbili. Unachukua mbegu za kila mti mama, zile zilizochumwa kwa jasho, unaotesha miche ya kila familia kwenye kitalu kimoja, viriba vya aina moja, mwagiliaji mmoja. Kisha unaipanda kwa kura. Eneo linagawanywa mapande mengi, na katika kila pande kila familia inapata nafasi yake, lakini mahali hasa pa kila mche panaamuliwa na bahati, kama karata zilizochanganywa. Familia moja itaangukia kwenye kichuguu pande hili, na kwenye mwamba pande lile. Kwa mapande ishirini au thelathini, bahati ya udongo inajifuta yenyewe, na kinachobaki kuonekana ni damu. Kuzunguka jaribio lote inapandwa mistari ya miti isiyohesabiwa, walinzi, ili mwanga wa pembezoni usimpendelee mtu. Na jaribio hilo hilo linapandwa tena wilaya nyingine, kwenye baridi zaidi na kwenye joto zaidi, kwa kuwa wapo watoto wanaofanya vizuri kwao tu.

Baadaye ni kupima. Watu watatu: mmoja ana futi ya kamba na kuizungusha shinani mita 1.3 kutoka ardhini, mmoja ana mti mrefu wa kupimia kimo, mmoja ana daftari. "Kumi na nne nukta mbili!" "Kumi na nne nukta mbili," anaitikia mwandishi kabla ya kuandika, kwa sababu namba isiyoitikiwa haiandikwi. Mti uliokufa unaandikwa umekufa. Mti uliopotea kibati unatafutwa kwa ramani. Nyasi zinafika kiunoni, umande unalowesha karatasi, na kesho kuna mapande mengine kumi na mbili. Hesabu inayokuja baada ya hapo imetoka mahali ambapo wengi wasingedhani: Charles Henderson aliibuni kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa, apate kukadiria thamani ya fahali kwa maziwa ya mabinti zake. Wa miti waliazima, na ikawafaa vilevile. Fahali hakamuliwi, na mti bora hautathminiwi kwa sura yake. Wote wawili huulizwa kupitia watoto.

Majibu yake ndiyo yanayoweka methali mahali pake. Uzito wa mbao hurithiwa sana. Mama mwenye mbao nzito mara nyingi ana watoto wa mbao nzito. Unyofu uko katikati. Unene, ule uliolivutia jicho siku ya kwanza, hurithiwa kidogo, mara nyingi sehemu moja hadi tatu tu kati ya kumi, na zilizobaki ni kichuguu, majivu na jirani aliyekufa.

Kuna sababu nyingine ya kutunza familia nyingi, na Afrika Mashariki imeilipia. Katika miaka ya 1950 msindano Pinus radiata, mwenyeji wa vipande vichache vya pwani ya California, ulikuwa tegemeo katika nyanda za juu za Kenya, maana ulikua upesi. Kisha ukaja ukungu wa Dothistroma. Sindano zilitiwa michirizi myekundu, zikakauka na kudondoka, na miti michanga ikabaki kama mifagio. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 upandaji wake uliachwa. Lakini katika mashamba yale yaliyokauka kulikuwa na mti mmoja mmoja wa kijani, umesimama peke yake katikati ya wagonjwa, na watafiti wa kituo cha Muguga, huko huko Kenya, wakauona kwa jicho la fundi: wakakwea, wakachukua vikonyo, wakabebesha, wakaanza kutafuta ukinzani katika uzao wake. Wapandaji walikuwa wameshahamia kwenye patula, ambao ukungu ule hauusumbui. Hata hivyo ule ukijani wa mmoja kati ya wengi, Kenya na kwingineko, ulithibitisha kwamba dawa ilikuwamo ndani ya msindano wenyewe tangu mwanzo. Sipresi nayo ilipata mtihani wake. Vidukari vya Cinara vilionekana Malawi mwaka 1986, vikafika Kenya mwaka 1990, na ua za sipresi zikageuka kahawia. Watu walileta nyigu mdogo wa kuvishambulia, na waboreshaji wakarudi kwenye familia zao kuangalia ni zipi zinazostahimili.

Na patula si salama milele. Mwaka 1990 huko Afrika Kusini ukungu mwingine, Fusarium circinatum, uligunduliwa ukiua miche yake kitaluni. Safari hii jibu lilitafutwa kwa jirani yake wa kale. Pinus tecunumanii ni msindano wa milima ya Amerika ya Kati uliopewa jina la Tecún Umán, kiongozi wa Wamaya wa K'iche', na jamii zake za miinuko ya chini hustahimili ukungu huo vizuri. Ukiuoanisha na patula, kwa mfuko na bomba kama nilivyoeleza, unapata chotara mwenye kasi ya mmoja na ustahimilivu wa mwingine. Mbegu za kufanyia hayo zilikuwapo kwa sababu tangu mwaka 1980 watu wa Camcore, ushirika wenye makao chuo kikuu hicho hicho cha North Carolina, walikuwa wakipanda na kushuka milima ya Mexico, Guatemala na Honduras wakichuma koni kutoka kwenye misitu iliyokuwa ikikatwa kwa mashamba na kuni. Baadhi ya miti waliyochuma haiko tena. Wajukuu wake wako kwenye majaribio ya kusini mwa Afrika.

Nimebakiza kazi moja, nayo huijia programu ya namna hii miaka kumi au zaidi baada ya kikonyo cha kwanza. Majibu ya jaribio la uzao yakishatoka, mboreshaji anarudi kwenye shamba la mbegu na orodha mkononi. Miti iliyobebeshwa imekuwa mikubwa, inazaa, imetunzwa kama mboni ya jicho. Anatembea mstari hadi mstari akiwa na rangi, na kila mti ambao watoto wake walishindwa anautia alama.

Nilikuwapo siku moja ya kazi hiyo. Mti wa tatu kutiwa alama ulikuwa ndio mzuri kuliko yote niliyoiona pale: umenyooka, kimo chake kimewapita majirani, koni zimejaa. Nikamuuliza mboreshaji kama namba haikukosewa. Akafungua daftari, akanionyesha mstari wake: mapande ishirini na nne, wilaya mbili, watoto wake chini ya wastani karibu kila mahali. Nilipotazama chini nikaona udongo mwekundu uliovimba kidogo kuzunguka shina, kichuguu cha zamani kilichosawazishwa. Akauzunguka mti mara moja, kama walivyozunguka mama yake siku ya kuuchagua, akatia alama ya pili upande wa nyuma ili mwenye msumeno asiukose. Adhuhuri ulikuwa chini. Kijana mmoja alianza kukusanya koni zake kwenye gunia. Mboreshaji akamwambia aziache, zitachomwa. Kibati akakitoa mwenyewe kwa koleo, akakitia mfukoni, tukaendelea na mstari.